Nimewafungia umeme wa kanisa bure, leo nimesomwa kwenye orodha ya wadaiwa

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimetoka ibadani hapa Tororo, Uganda, nimenuna mpaka wanangu wananikwepa.

Baada ya mahubiri mweka hazina alisimama, akafungua daftari la ujenzi na kuanza kusoma. Jina, ahadi, ulicholipa, kilichobaki. Kwa maikrofoni. Mimi niliahidi laki tano, nimelipa laki mbili, basi mbele ya mke wangu, wakwe zangu na wateja wangu nikawa mdaiwa wa laki tatu. Haya. Lakini hiyo maikrofoni aliyoishika, nani aliivutia waya?

Mimi ni fundi umeme. Jengo lile jipya, tangu mabomba ya nyaya kabla ya plasta hadi taa ya mwisho juu ya madhabahu, nimelifanya mimi na kijana wangu wa kazi. Tulimaliza 2025, mwaka ule kampuni ya Umeme ilipoondoka na UEDCL, kampuni ya serikali, ikashika usambazaji wa umeme. Kijana nilimlipa kutoka mfukoni mwangu, maana yeye ni Mwislamu na sikuona kwa nini atumike bure kanisani kwetu. (Na bado siku ya mwisho alikataa hela, akasema hiyo ni sadaka yake. Huyo naye hayumo daftarini.) Ulizeni fundi yeyote wa Tororo au Mbale jengo la ukubwa ule analifanya kwa bei gani. Laki tatu haifiki hata mlangoni.

Nikamfuata mweka hazina nje. Akanijibu kwa upole kabisa: "Fundi, hayo ulimfanyia Mungu, hatuwezi kuyakatia risiti." Kumbe zile laki mbili nilimfanyia nani?

Na si mimi tu. Kuna mama mmoja mjane, anauza samaki wakavu sokoni. Ndiye anayesugua sakafu kila Jumamosi, ndiye anayeamka kufungua milango, askofu akija ndiye anayekesha jikoni. Leo jina lake limesomwa na mbele yake pakatajwa "sifuri". Sifuri! Watu wakageuka kumtazama. Mimi deni langu naweza kulipa, lakini yule mama wamemvua nguo mbele za watu.

Halafu mkumbuke kabla ya uchaguzi wa Januari 2026 mambo yalivyokuwa. Mgombea anaingia ibada ikiwa katikati, anapewa kiti cha mbele na kipaza sauti, anapunga bahasha, anaahidi mabati, makofi, vigelegele, anaondoka kabla ya Ushirika Mtakatifu. Mabati hayajaja mpaka leo. Ahadi hiyo nayo ni deni, au sivyo? Mbona jina lake sikulisikia?

Kila mara tunasomewa Malaki 3:10, zaka kamili ghalani. Sawa, ila mstari huohuo unasema iletwe ili chakula kiwemo nyumbani mwa Bwana. Na Kumbukumbu la Torati 14 inasema zaka ya kila mwaka wa tatu iliwe na Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Mjane yumo kama mtu wa kulishwa, siyo wa kusomewa salio.

Na kama ni orodha, someni Nehemia 3. Sura nzima ni majina ya waliojenga ukuta wa Yerusalemu, nani alitengeneza lango lipi, kipande kipi. Wamo mafundi wa dhahabu, yumo mtengeneza manukato, yumo Shalumu pamoja na binti zake. Wakubwa wa Tekoa waliokataa kuinamisha shingo kazini nao wameandikwa, kwa aibu yao. Ile ndiyo orodha ya ujenzi ninayoielewa mimi.

Mnakumbuka 2018 marehemu Askofu Mkuu Lwanga wa Kampala alivyotaka serikali ikate zaka kwenye mishahara ya Wakatoliki, akitolea mfano Ujerumani? Kule hukatwa asilimia 8 au 9 ya kodi ya mapato, siyo ya mshahara wenyewe. Sisi Waanglikana tuliwacheka majirani. Lakini wazo ni lilelile: mtoaji ni mwenye mshahara. Huku kwetu wangapi wanapokea mshahara? Tuna mikono na Jumamosi zetu. Hata makanisa yalipofungwa Machi 2020, kitu cha kwanza kutufikia kilikuwa namba ya simu ya kutumia sadaka. Kuulizwa kama tumekula, hapana.

Nimemwandikia mzee wa kanisa leo hii. Ama kazi za watu ziingie daftarini zikiwa na thamani yake, ama daftari lisisomwe hadharani kabisa, kila mtu apewe salio lake kwenye bahasha. Na hesabu za matumizi tusomewe, maana za mapato wanazisoma kwa sauti kubwa kweli. Taa za nje wanazotaka kwa ajili ya Krismasi nimewapelekea bei, nusu malipo kabla sijashika bisibisi.

Atakayekuja hapa kuniambia natafuta sifa za wanadamu, aanze na aliyeshika maikrofoni.

Wa Jinja, Arua, Kampala, Soroti: kwenu daftari linasomwa mbele ya watu? Na wanaofagia wanaandikwa wapi?