Aliyekanyaga theluji mbele ya mstari ametuharibia sote, na safari hii sinyamazi

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira ambayo siku nne za kujizuia hazikuipunguza. Nimerejea kutoka Ely, jimbo la Nevada nchini Marekani, nilikokwenda kupiga picha za treni za mvuke za reli ya zamani ya Nevada Northern katika Bonde la Steptoe, na nililonalo la kusema ni moja: tumeacha kuuheshimu mstari wa wapiga picha, yaani pale tunaposimama sote pamoja ili mtu yeyote asiingie mbele ya kamera za wenzake, na wanaouvunja tunawaacha waendelee na safari kwa sababu tu wamelipa nauli kama wengine. Na reli yenyewe sina ugomvi. Wafanyakazi wake walitupa kila walichoahidi na wakaongeza. Ninaowalalamikia ni sisi wenye kamera.

Kwa ambaye hajafika huko, Ely ipo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,960, ndani ya jangwa la Great Basin, milima ya Egan ikiwa magharibi na ile ya Schell Creek mashariki. Kutoka Las Vegas ni mwendo wa saa nne hivi kwa gari, na kwa sehemu kubwa ya safari hiyo huoni kitu ila uwanda, vichaka vya rangi ya kijivu na barabara iliyonyooka. Ni jangwa la baridi, si la joto. Alfajiri tuliyotoka, kipimajoto kilisoma nyuzi 21 chini ya sifuri. Hakuna anayepita huko kwa bahati. Mtu anafunga safari kwa sababu reli hii, iliyofika Ely mwaka 1906 kufuata shaba, ilisalia karibu nzima baada ya kazi yake kuisha: stesheni, karakana, mabehewa ya mawe ya shaba, na injini ambazo reli hiyo hiyo ilizinunua zikiwa mpya. Namba 40 ilitoka kiwanda cha Baldwin mwaka 1910. Namba 93 iliundwa na American Locomotive Company mwaka 1909. Zipo nchi zenye injini nyingi za mvuke kuliko hizo, lakini nyingi kati yake zimekusanywa kutoka huku na huko, zikawekwa kwenye reli isiyo yake. Hizi zipo nyumbani.

Tunakwenda majira ya baridi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mvuke wenyewe hauonekani kwa macho. Tunachokipiga picha ni vitone vya maji vinavyojitokeza mvuke unapokutana na hewa baridi, na kadiri hewa inavyokuwa baridi ndivyo wingu lile jeupe linavyonenepa na kudumu nyuma ya bomba. Ya pili ni jua. Mwezi Februari jua hukaa chini hata adhuhuri, na asubuhi mwanga wake huingia kwa ubavu, chini ya tumbo la injini, ukaangaza magurudumu na vyuma vinavyoyazungusha, sehemu ambazo majira ya joto huwa kivulini muda mwingi wa siku. Mwanga huo hauzidi dakika arobaini. Ukipita, umepita mpaka kesho, na kesho huenda kukawa na mawingu.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Usiku ule ilianguka theluji, si nyingi, kiasi cha kufunika kifundo cha mguu, na kulipopambazuka uwanda wote kati yetu na reli ulikuwa safi kama shuka iliyotandikwa, bila unyayo hata wa sungura. Mtu mmoja alikuwa amekesha na Namba 93 akiutunza moto, kwa sababu katika baridi ile injini ikiachwa ipoe, maji huganda kwenye mabomba na kuyapasua. Tuliteremshwa, tukapanga mstari kando ya uzio wa zamani wa mbao, waliokuja na viti vidogo wakakaa mbele, warefu wakasimama nyuma, stendi za kamera zikapangwa kwa urefu. Betri za akiba tulizificha kifuani, ndani ya makoti, maana nje zinakufa kabla hujamaliza kulenga. Msimamizi alisema mara mbili, kwa sauti ya kusikika, kwamba hakuna mtu kuvuka uzio. Treni ikarudi nyuma kama mita mia nane ili ije tena ipite mbele yetu, ikasimama, ikapiga honi kuuliza kama tupo tayari.

Hapo ndipo bwana mmoja mwenye koti jekundu alipopita katikati ya nguzo mbili akatembea moja kwa moja hadi karibu na reli. Alikwenda taratibu, kama mtu aliye kwenye shamba lake. Tulimwita. Akainua kidole bila kugeuka, kuashiria kwamba ni dakika moja tu. Mtia makaa alikuwa ameshajaza tanuru, dereva ameshafungua mvuke, na Namba 93 ikaja na magurudumu yake manane yakisukuma na wingu jeupe limepanda juu ya milima, huku sisi zaidi ya thelathini tukipiga kelele kumwambia mtu mmoja atoke. Dereva, kwa haki kabisa, akakata mvuke na kupunguza mwendo, kwa sababu kwake yule ni binadamu aliye karibu mno na njia ya treni. Alipotoka na treni ikarudia, mwendo ulikuwa mzuri, moshi ulikuwa mzuri, ila mbele yetu palikuwa na alama za buti kwenda na kurudi. Theluji haipigwi pasi.

Karibu nami alisimama mzee mmoja ambaye hakuwa na kamera. Anarekodi sauti. Alikuwa na maikrofoni mbili alizozivika manyoya kuzikinga na upepo, na alichokuja kukitafuta ni mlio wa injini ikipanda mlima bondeni pasipo gari wala ndege, kitu ambacho maeneo mengi duniani hakipatikani tena. Alipata makelele yetu. Aliinama akazima mashine yake, akakunja waya polepole, bila neno. Nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mimi.

Jioni nilimfuata yule bwana, nikamsalimu kwa adabu, nikamweleza. Jibu lake lilikuwa kwamba naye amelipa, na kwamba nyayo zinafutika kwa programu ya kompyuta. Hoja zote mbili nazikataa. Nauli hununua nafasi kwenye mstari, pamoja na sharti linaloufanya mstari uwe na maana. Hainunui mbele ya watu wengine. Na kama picha inaweza kutengenezwa mezani, basi hapakuwa na sababu ya mtu kukesha na tanuru, wala ya kuchoma makaa ili treni iende mbele na nyuma mara sita kwa ajili yetu. Tulikwenda kwa sababu kitu hicho bado kipo kwa hakika, na picha ni ushahidi wake.

Kesho yake mwingine alirusha droni kutoka nyuma ya kilima. Hilo nitalipita haraka, kwa sababu aliamriwa kuishusha na akaishusha, lakini kurusha chombo juu ya vichwa vya watu bila ruhusa nako si ubunifu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mchuma janga hula na wa kwao. Reli hizi hutuamini tuteremke jangwani, kando ya njia, mbele ya injini yenye uzito wa tani nyingi, na zinaweza kuacha kutuamini siku yoyote. Siombi mtu atajwe jina hapa, nami sitamtaja. Naomba wanaoandaa vikundi waandike sharti moja kwenye tiketi: anayevuka mstari bila ruhusa anarudishwa behewani, na anabaki humo mpaka safari iishe, bila kurudishiwa nauli. Na sisi tulio kwenye mstari tuache kucheka na kusema "mwache tu". Siku ile wapo waliosema hivyo, na baadhi yao wanausoma uzi huu.

Picha ninayo. Namba 93 imejaa fremu, jua limegusa kila chuma, na wingu lake ni bora kuliko lolote nililowahi kulipata. Mbele yake zipo nyayo ishirini na mbili. Nimezihesabu, na sitazifuta.