Corvette ZR-1 au Dodge Viper RT/10: ipi ya kununua na kuitunza?

Wakuu, kila likitajwa gari la michezo la Kimarekani la miaka ya tisini linalofaa kuwekwa, wengi wanakimbilia Viper. Mimi nasema chukua Corvette ZR-1 ya 1990 hadi 1995. Mwenye kupinga aje na hoja.

Kwangu ubishi unaanzia kwenye injini. LT5, injini ya ZR-1, ni V8 (silinda nane) ya lita 5.7 iliyobuniwa pamoja na Lotus, kampuni ya magari ya michezo ya Uingereza, enzi hizo ikiwa mali ya General Motors, wenye Corvette. Ina kamshafti nne (mihimili inayofungua valvu) na valvu 32. Kazi ya kuiunda walipewa Mercury Marine, watu wa injini za boti, wakaiunganisha kwa mkono kule Stillwater, Oklahoma. Ilianza na nguvu za farasi 375, na mwaka 1993 zikafika 405. Machi 1990 huko Fort Stockton, Texas, Corvette yenye injini hii ilikimbia saa 24 kwa wastani wa zaidi ya kilomita 280 kwa saa, ikavunja rekodi iliyodumu tangu 1940.

Halafu kuna kile kifunguo kidogo katikati ya viti. Ukikizungusha ukakichomoa, nusu ya njia za hewa za injini zinabaki zimefungwa, nguvu inapungua, na unaweza kumkabidhi mtu gari akaliegeshe bila roho kukudunda. Nalipenda sana wazo hilo. Zilitoka 6,939 tu, na bado bei yake iko chini ya Viper.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, bei iko chini kwa sababu. Mwaka wa kwanza pekee zilitoka 3,049, watu wakazinunua wakazifungia gereji wakisubiri zipande. Hadi leo zenye kilomita chache si za kutafuta kwa tochi. Tena mwaka 1991 Corvette ya kawaida ikapewa mkia unaofanana na wa ZR-1, upekee ukaisha.

Sasa itazame Viper RT/10 ya 1992, gari la wazi lisilo na paa la kudumu. V10 ya lita 8, farasi 400, na mwaka huo zilitoka 285 tu. Haina vitasa vya nje wala vioo vya madirisha ya mlangoni: unafungua zipu ya pazia la plastiki, unapenyeza mkono ndani ndipo ufungue. Ekzosi inapita ubavuni, ukishuka bila uangalifu inakuunguza mguu. Hakuna ABS (breki zinazozuia tairi kujifunga), hakuna mifuko ya hewa. Gari la namna hiyo kampuni kubwa hairudii tena, na mtunzaji analipia kisichorudiwa. Ndugu yake GTS-R alishinda daraja lake kwenye mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, 1998, 1999 na 2000.

Mleta mada

Ushindi wa GTS-R ni wa gari lenye paa lililotengenezwa kwa mashindano, usiuhamishie RT/10. Na mkia haunisumbui: bodi ya nyuma ya ZR-1 ilibaki pana kuliko ya kawaida ili ibebe tairi za milimita 315, anayejua anaiona akiwa mbali.

Hoja ya wingi inahusu za mwanzo. Za 1993, 1994 na 1995 zilitoka 448 kila mwaka, zote zikiwa na farasi 405. Hizo ndizo ninazozisemea. Mtu akiniwekea moja ya hizo pembeni ya RT/10 ya 1994, kwa bei ileile, naondoka na Corvette. Wewe ungelipia nini kwenye ile Viper?