Mjadala: Je, Steve Mandanda alipotea njia kwa kuidakia Ufaransa badala ya Kongo?

Mleta mada:
Ndugu wadau, tangu Steve Mandanda atundike glavu mwaka 2025 akiwa na umri wa miaka 40, kila anapotajwa nasikia hukumu ileile: alizaliwa Kinshasa, akaikataa Kongo, na malipo yake yakawa kusugua benchi la Ufaransa huku akimtazama Hugo Lloris akidaka. Kwa hesabu za juujuu hukumu hiyo ina nguvu, kwa kuwa Mandanda aliichezea Ufaransa mechi 35, ilhali Lloris, ambaye ni mdogo kwake kwa mwaka mmoja na miezi tisa, alimaliza na mechi 145, rekodi ya nchi hiyo. Hata hivyo, mimi naona kwamba tunamhukumu kijana wa mwaka 2008 kwa mambo ambayo sisi wenyewe tuliyajua miaka kumi baadaye.

Tukumbuke hali ilivyokuwa. Mwaka 2007 alitoka Le Havre kwenda Marseille kwa mkopo, akapata nafasi baada ya kipa Cédric Carrasso kuumia, na msimu ulipokwisha akatajwa kuwa kipa bora wa ligi kuu ya Ufaransa. Mei 2008 akaichezea timu ya taifa kwa mara ya kwanza, dhidi ya Ecuador. Baada ya michuano ya Ulaya ya mwaka huo, kocha Raymond Domenech alimkabidhi lango katika mechi za kufuzu Kombe la Dunia. Kwa hiyo kijana huyu hakuchagua benchi. Alichagua lango, na lango alipewa. Benchi lilikuja baadaye, na kufikia mchujo dhidi ya Ireland, Novemba 2009, aliyesimama langoni alikuwa Lloris.

Mchangiaji wa kwanza:
Mleta mada, hoja yako ni nzuri lakini umeruka jambo linalouma zaidi. Didier Deschamps alikuwa kocha wa Marseille kuanzia 2009 hadi 2012. Mandanda ndiye aliyemdakia alipotwaa ubingwa wa 2010, ambao Marseille walikuwa wameusubiri kwa miaka 18, na ndiye aliyevaa kitambaa cha unahodha baada ya hapo. Deschamps alipokabidhiwa timu ya taifa mwaka 2012, yeye aliyekuwa amemwona Mandanda mazoezini kila siku kwa miaka mitatu bado alimwamini Lloris. Ikiwa anayekufahamu kuliko wote amekupima na kukuweka wa pili, utabaki ukingoja nini?

Tazama alichovuna katika Kombe la Dunia. Mwaka 2010 hakucheza. Mwaka 2014 alivunjika mfupa wa shingo katika mechi ya ligi wiki chache kabla ya mashindano, akabaki nyumbani. Mwaka 2018 alipewa mechi moja, dhidi ya Denmark, timu zote mbili zikiwa hazina haraka, ikawa sare pekee isiyo na bao katika mashindano yale. Katika miaka hiyohiyo Kongo ilicheza Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2013, 2015, 2017 na 2019. Angekuwa nahodha wa Chui, yaani timu ya taifa ya Kongo, si mgeni wa heshima kwenye picha ya mabingwa.

Mchangiaji kutoka Lubumbashi:
Kaka, unasema angekuwa nahodha wa Chui kana kwamba lango letu lilikuwa tupu. Lango lilikuwa na Robert Kidiaba, kipa wa TP Mazembe, yuleyule aliyeshangilia kwa kurukaruka akiwa ameketi chini, mbele ya dunia nzima, timu yetu ilipofika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu mwaka 2010. Mwaka 2015 alikuwa na miaka 39 alipoisaidia Kongo kushika nafasi ya tatu Afrika kwa kuishinda Guinea ya Ikweta kwa penalti. Ukitaka kujua Steve angekutana na nini, mtazame mdogo wake, Parfait Mandanda, ambaye ni kipa na aliichagua Kongo: hakuweza kumng'oa Kidiaba.

Neno "kuikataa" nalo linanikera. Mtoto aliyepelekwa Ufaransa akiwa mdogo, akalelewa Évreux na kufundishwa ukipa katika shule ya soka ya Le Havre, amekataa nini? Wadogo zake watatu wote ni makipa, na nyumba hiyohiyo ikatoa mmoja kwa Ufaransa na mmoja kwa Kongo. Kwetu hilo halikuwa jambo la kuaibisha.

Mchangiaji wa tatu:
Naongeza jambo la kanuni, kwa sababu wengi hudhani mlango wa Kongo ulibaki wazi siku zote. Wakati ule aliyekwisha kucheza mashindano rasmi na timu za vijana za nchi moja alitakiwa kubadili uraia wa kimpira kabla ya kutimiza miaka 21. FIFA iliondoa kikomo hicho cha umri mwaka 2009, lakini Mandanda alikuwa ameshacheza mechi rasmi na timu ya wakubwa ya Ufaransa, na kwa kanuni za wakati ule hapo ndipo mlango ulipofungwa. Kumwuliza kwa nini hakurudi Kongo baada ya kunyang'anywa namba ni kumdai kitu ambacho hakuwa nacho.

Mleta mada:
Nashukuru, hasa kwa maelezo ya Kidiaba, ambayo sikuyapa uzito nilipoanza. Kuhusu Deschamps nakubali: uamuzi wake ulikuwa wa kisoka, na sioni kwamba alikosea. Mandanda alikuwa hodari wa kuokoa mashuti ya karibu, lakini alikuwa na siku za kuteleza. Katika fainali ya Ligi ya Europa mwaka 2018, bao la kwanza la Atlético Madrid lilianzia kwenye pasi yake kali kwa André-Frank Zambo Anguissa, aliyeshindwa kuituliza, na Antoine Griezmann akafunga.

Nisichokubali ni kupima maisha ya kipa kwa timu ya taifa peke yake. Uwanjani anayecheza langoni ni mmoja. Beki aliyekosa namba anaweza kuhamishiwa pembeni au katikati, kipa hana pa kuhamishiwa. Mandanda aliidakia Marseille mechi 613, nyingi kuliko mchezaji yeyote katika historia ya klabu hiyo, na alitajwa kipa bora wa ligi mara tano, na nne kati ya tuzo hizo alizipata huku Lloris akiwa mbele yake katika timu ya taifa.

Mchangiaji wa kwanza amesahau pia mechi ya Tunisia. Mnamo 30 Novemba 2022, nchini Qatar, Mandanda alisimama langoni akiwa na miaka 37, akawa Mfaransa mwenye umri mkubwa zaidi kuwahi kucheza Kombe la Dunia. Ufaransa ilifungwa 1-0, na mfungaji alikuwa Wahbi Khazri, mzaliwa wa Ajaccio, Ufaransa, aliyechagua nchi ya wazazi wake. Sijaona mtu akiuliza kama Khazri alipotea njia.