Waandaaji wa wotapolo Dar, acheni kutuchezesha kwenye mabwawa ya watoto

Wakuu, salamu. Leo mtanivumilia, nimechoka.

Kila yakitangazwa mashindano ya wanaume ya "kimataifa" ya wotapolo, mchezo wa mpira wa kurushiana majini, hapa Dar, maana yake timu mbili tatu za nchi jirani zimealikwa, wachezaji wanapelekwa bwawa la hoteli ambalo upande mmoja maji yanaishia kifuani. Wotapolo inataka kina kisichopungua mita 1.8, na mita 2 ndiyo hasa inayotakiwa, bwawa zima! Mchezaji haruhusiwi kujisukuma kutoka sakafuni. Ni kipa tu, tena akiwa ndani ya eneo la goli lake. Kwenye mita 1.2 kila mtu anasimama, anaruka na kurusha kama yuko kwenye handiboli, na refa kameza filimbi. Halafu kijana huyohuyo akipelekwa nje mnashangaa anaishiwa pumzi kipindi cha pili. Ataachaje? Hajazoeshwa kukanyaga maji kwa miguu inayopokezana, mmoja ukizunguka huku na mwingine kule, mikono ikiwa huru, kwa vipindi vinne vya dakika 8 ambavyo saa inasimama kila mchezo ukisimama.

Magoli ndiyo kichekesho. Upana ni mita 3, mtambaa panya sentimita 90 juu ya maji. Ila kipimo hicho ni cha kina cha mita 1.5 na zaidi. Kikipungua hapo, kanuni tuliyoizoea inapima mita 2.40 kutoka sakafuni, kwa hiyo kwenye mita 1.2 mtambaa panya unapaswa kukaa mita 1.2 juu ya maji. Ninyi mnaweka goli lilelile la kuelea pande zote mbili. Kipa mmoja amesimama wima anaziba kila kitu, mwenzake anahangaika kwenye kina. Na goli lenyewe mmelifunga kamba moja kwa nyuma! Mashuti matatu tu limeshageuka, mstari wa goli haujulikani uko wapi. Fungeni kamba nne, mbili kila ubavu, mzikaze mpaka kingo za bwawa.

Mpira nao. Najua mtajitetea kwamba wa soka namba 5 unalingana na wa wotapolo ya wanaume, wenye mzingo wa sentimita 68 hadi 71 na gramu 400 hadi 450. Kweli vipimo vinakaribiana. Lakini wa soka unateleza na unakunywa maji, na huku mtu anadaka na kurusha kwa mkono mmoja. Wa wotapolo una ngozi ya raba inayoshika kiganjani.

Kofia za kuogelea za kawaida ndizo zinanipandisha hasira zaidi. Kofia ya mchezo huu ina vikinga masikio kwa sababu shuti au kiganja kikitua sikioni kinaweza kupasua ngoma. Hilo si pambo jamani. Na kucha je, nani anazikagua kabla watu hawajaingia majini?

Alama za pembeni hata sizungumzii sana. Alama nyekundu ya mita 2 kutoka mstari wa goli ni mkanda wa rangi tu ukingoni. Bila huo, refa anapiga ofusaidi kwa kukisia.

Pesa ya mabango na fulana za wafadhili ipo, ya kofia hamna? Tangazo lijalo liandike kina cha bwawa pande zote mbili na liweke picha ya magoli na kofia. Likikosa hayo, makocha msilipe ada ya ushiriki.