Ushauri: watoto wa awali wananiambia filimbi ina "sauti ndogo"

Mwalimu_Awali: Wakuu, habari za jioni. Nina darasa la awali, watoto 46 wa miaka mitano. Wiki hii tunasoma sauti kubwa na sauti ndogo. Nikapiga ngoma kwa nguvu, wakajibu "kubwa!" Nikapuliza filimbi mpaka masikio yakaniuma, wakajibu "ndogo!" Nikarudia, jibu lilelile. Nakosea wapi?

Bibi_Kayamba: Mwalimu, watoto hawajakosea. Sauti ya kunong'ona tunaiita ndogo, na nyembamba kama ya filimbi tunaiita ndogo vilevile. Halafu ngoma wanaiona kubwa, filimbi inaingia mfukoni. Iweke filimbi kabatini kwanza. Chukua ngoma moja tu, ipige kwa ncha ya kidole, kisha kwa kiganja, ili kinachobadilika kiwe nguvu peke yake. Neno "polepole" liepuke, wataanza kupunguza mwendo. Mimi nasema "sauti ya kuita shambani" na "sauti ya mtoto amelala". Hapo hakuna anayepotea.

Mwl_Singida: Naongezea. Mwaga punje chache za mchele juu ya ngozi ya ngoma. Ukigusa kwa kidole zinatikisika tu, ukipiga kwa kiganja zinaruka hadi sakafuni. Waite wanane wanane, 46 kwa pamoja hawataona kitu. Huna ngoma ya ziada? Kopo la maziwa na puto lililokatwa, kaza kwa rababendi.

Mama_Mapacha: Wangu nilicheza nao hivi: mmoja anatoka nje, tunaficha kifuniko, akirudi kukitafuta wengine wanapiga makofi. Akikaribia, makofi yanapanda. Akienda mbali, yanashuka. Ila mwalimu, mwangalie anayetazama wenzake ndipo ajibu. Wangu mmoja alikuwa hivyo, hospitali wakakuta nta imeziba sikio. Tafadhali mzazi asimchokonoe kwa kijiti.

Mwalimu_Awali: Asanteni sana, Mungu awabariki. Leo nimefanya ya mchele. Binti mmoja akaweka kiganja juu ya ngozi nilipomaliza kupiga, akasema, "Mwalimu, imeacha kutetemeka, imenyamaza." Sikuwa nimemfundisha hilo! Ila Mama Mapacha, mvulana wangu mmoja wa dawati la nyuma, kwenye mchezo wa makofi alizunguka tu akitazama mikono ya wenzake. Nimemwomba mama yake tuonane kesho asubuhi.