Redio ya mtandaoni kutoka chumba cha uani: seva nyumbani, seva ya kukodi au huduma ya bure?

Zeze la Nzuguni

Mbukwenyi wakuu. Nina kompyuta ya mezani yenye RAM GB 8, maiki ya USB na chumba kimoja cha uani hapa Nzuguni, Dodoma. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiwarekodi wazee wa Chamwino na Bahi wakipiga zeze, na akina mama wakipiga ngoma ya muheme, na faili zote zimelala tu kwenye diski. Nataka kurusha redio ya mtandaoni saa 1 hadi saa 4 usiku, maongezi ya Kigogo na Kiswahili yakiingia kati ya ngoma na ngoma. Wasikilizaji wangu ni ndugu zetu walioko Dar, Mwanza na nje ya nchi. Sitarajii wazidi 30 kwa wakati mmoja.

Nimesoma hadi kichwa kimejaa. Naona njia tatu: niweke Icecast, programu ya kuwagawia wasikilizaji sauti, humu humu kwenye kompyuta yangu, nikodi seva, au nijiunge na huduma ya bure ya kurushia redio. Laini yangu ya faiba nimeipima asubuhi: kupakua megabiti 19, kupakia 4.6. Waliotangulia wanisaidie, sitaki kununua mara mbili.

Fundi Nkuhungu

Mkuu, mimi nilianza na hiyo ya kwanza nikaaibika. Niliwatangazia ukoo mzima kwenye grupu la WhatsApp, saa 2 kamili tupo hewani. Kwangu inalia safi kabisa. Huko kwao kimya. Nilihangaika kufungua poti 8000, yaani mlango wa kuingilia wasikilizaji, kwenye ruta hadi saa 5, kumbe natumia ruta ya laini ya simu, na mitandao ya simu huwarundika wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP. Mtu wa nje hakufikii hata ufungue poti zote. Ingia kwenye ukurasa wa ruta yako uangalie anwani ya upande wa nje. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, funga hiyo habari ulale.

Tuseme anwani ni yako peke yako. Bado kuna hesabu. Icecast humpelekea kila msikilizaji nakala yake. Ukirusha kwa ubora wa kawaida wa kilobiti 128 kwa sekunde, mara watu 30 ni megabiti 3.84, na wewe una 4.6. Mtoto akimtumia shangazi yake video, redio nzima inaanza kukwama.

Kwa kujifunzia ni nzuri, tena ya bure. Ila kabla hujafanya lolote, badilisha nywila kwenye faili la icecast.xml. Ile inayokuja nayo ni "hackme" na dunia nzima inaijua.

Binti Kondoa

Mimi niko kwenye ya bure, mwaka wa pili sasa, kipindi cha kwaya kila Jumapili. Sijatoa hata shilingi. Unajisajili, wanakupa anwani ya seva, poti na nywila, unaviingiza kwenye BUTT, programu ya kutuma sauti kutoka kompyuta yako hadi kwenye seva, unabonyeza kitufe, umeruka. BUTT nayo ni ya bure, ndogo, na inakurekodia kipindi huku ikirusha.

Kasoro ni matangazo. Msikilizaji akifungua tu anakutana na tangazo la kitu asichokijua, kwa lugha asiyoijua. Bibi yangu alizima simu akaificha chini ya mto, akidhani amefungua mambo ya ajabu. Ilibidi nipande basi nikamwoneshe kwamba ukivumilia kidogo kwaya inakuja.

Mdau wa Ipagala

Mnachanganya vitu viwili. Studio ni kitu kimoja, mnara ni kingine. Redio za FM haziweki mnara juu ya meza ya mtangazaji. Kompyuta yako iwe studio, itume mkondo mmoja tu kwenda kwenye seva, na seva ndiyo iwagawie hao 30. Hapo kwenye megabiti zako 4.6 unatumia kilobiti 128 basi, na mtoto atume video zake.

Mimi nimekodi seva ndogo, bei huanzia kama dola 5 kwa mwezi, nikaweka AzuraCast. Ni programu huria na ndani yake Icecast imo tayari. RAM GB 2 ndiyo pa kuanzia. Kuiweka kuna amri kadhaa za Linux za kunakili, jioni moja inatosha kama huna woga na skrini nyeusi.

Kilichonifanya nisirudi nyuma ni umeme. Nyimbo na vipindi vya zamani nimevipandisha kwenye seva, na seva inavipiga yenyewe saa zote. Nikiingia hewani inanipisha. Mwezi uliopita umeme ulikatika nikiwa katikati ya sentensi, nasoma salamu za mtu wa Mpwapwa. Nimekaa gizani nashika maiki, nikafungua redio yangu kwenye simu: zeze linalia kama kawaida. Salamu zenyewe zilikatikia kwenye jina la mke wake, hilo nililipia baadaye.

Hata Icecast tupu ina namna hiyo, unaiandikia mkondo wa akiba wa kurukia wa kwanza ukikatika. Lakini ukiwa umeiweka nyumbani, umeme ukienda vyote vinaenda.

Zeze la Nzuguni

Nimewapata. Maswali mawili. Msikilizaji wangu wa kijijini atakula bando kiasi gani? Na kwenye kompyuta niweke nini cha kupangia nyimbo?

Fundi Nkuhungu

Bando: kilobiti 128 ni MB 57.6 kwa saa. Kipindi chako cha saa tatu ni karibu MB 173 kwa kila mtu. Hiyo kwa mtu wa Bahi anayenunua bando la siku ni mzigo, atakusikiliza mara moja kwa adabu halafu basi. Shuka hadi 64, itakuwa MB 86 kwa saa zote tatu.

Na upande wa seva: watu 30 kwa kilobiti 64, saa tatu kila siku kwa mwezi, ni kama GB 78. Seva nyingi za bei hiyo zinakupa GB 500 na kuendelea, kwa hiyo hapo usiwaze.

Mdau wa Ipagala

Angalizo kwenye hiyo 64. Sauti ya mtu inavumilia, njuga hazivumilii. MP3 ya kilobiti 64 inazigeuza njuga kuwa mchanga unaokaangwa, na zeze linapoteza ule mkwaruzo wake ambao ndio utamu. Tumia AAC+, namna nyingine ya kubana sauti, kwa 64 hiyo hiyo, sikio la kawaida halitalalamika. Au toa mikondo miwili, mmoja mwepesi na mmoja wa 128 kwa walio na Wi-Fi. AzuraCast inaruhusu.

Programu: Mixxx ni ya bure, inaendeshwa Windows, Mac na Linux, na inarusha yenyewe bila BUTT. RadioDJ nayo ni ya bure, nzuri zaidi kwa ratiba na jingo, lakini ni ya Windows tu na inataka hifadhidata ya MySQL au MariaDB. Wewe unarusha saa tatu kwa siku, ya nini kujitesa? Chukua Mixxx.

Mzee wa Makole

Vijana mnaongea mashine tu. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilitoka 2018, zikaandikwa upya 2020, zikarekebishwa tena 2022. Redio ya mtandaoni imo humo. Ile hesabu ya ada za leseni, shilingi 2,100,000, iliyovuma 2018 msiitumie kutishana wala kudanganyana, nenda ofisi ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, Kanda ya Kati ipo hapa hapa Dodoma, uliza kwa aina ya kipindi chako inatakiwa nini. Muziki wa watu wengine ni habari ya COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Na wale wazee uliowarekodi, je, wanajua unataka kuwarusha hewani? Kumrekodi mtu kwa kumbukumbu si ruhusa ya kumtangaza.

Zeze la Nzuguni

Shikamoo mzee. Kwa kweli niliwaambia ni kwa kumbukumbu tu. Jumamosi nakwenda Chamwino na spika ndogo, niwasikilizishe kwanza.

Binti Kondoa

Kaka, moja ambalo hawajakwambia: sauti inachelewa. Kwangu huwa kama sekunde 20 na ushee. Ukipokea simu za wasikilizaji, mwambie azime redio yake kwanza, la sivyo anajisikia mwenyewe anaanza kujijibu. Mimi mama mmoja alibishana na sauti yake karibu dakika nzima.

Kama pesa ya seva haijapatikana anza na ya bure mwezi mmoja. Zile namba ulizoweka kwenye BUTT utazibadilisha tu ukihama. Ila wasikilizaji usiwape kiungo cha ile huduma moja kwa moja, wape ukurasa wako, ili ukihama wasipotee.

Zeze la Nzuguni

Mrejesho. Chamwino wamekubali, isipokuwa mzee mmoja anayetaka wimbo wa msiba utolewe, nimeutoa. TCRA nimekwenda, nimepewa orodha ya vitu vya kupeleka. Seva nimekodi, AzuraCast ilikubali mara ya pili, mara ya kwanza nilikosea nywila yangu mwenyewe.

Kabla ya kufungua rasmi nimejaribu jana usiku na nywila ya watu wa nyumbani tu. Wasikilizaji 5, wawili kati yao ni mimi, simu na laptopu. Nimetundika blanketi mbili ukutani na godoro mlangoni, feni nimezima, jasho linanitoka lakini sauti imetulia. Kilichobaki ni upepo kwenye mabati. Ukivuma, maiki inaudaka wote. Aliyewahi kuweka silingibodi chumba cha futi 10 kwa 10 aniambie ilikula shilingi ngapi.