Naomba ushauri: Nissan Leaf, Nungwi hadi mjini

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mie nakaa Nungwi, kaskazini mwa Unguja, kazi yangu ipo Darajani, mjini. Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 100, na petroli inanimaliza kweli.

Nimeoneshwa gari la umeme, Nissan Leaf ya 2014 iliyotoka Japani, betri ya kWh 24 (yaani inabeba yuniti 24 za umeme). Ilipokuwa mpya, vipimo vya Marekani viliipa kilomita 135 kwa chaji moja. Hii sasa, katika vile vistari 12 vya kwenye dashibodi vinavyoonesha afya ya betri, vimebaki 9. Kwa hesabu yangu, jioni itanizimikia njiani baada ya Mahonda, na hapo sijawasha kiyoyozi! Linalonitia hofu zaidi ni joto la kaskazi, maana betri ya Leaf haina upoozaji wa maji, na joto ndilo linaloichakaza.

Nyumbani kuna soketi ya kawaida; ikivuta ampea 10 itachukua kama saa kumi kujaa. Sawa, usiku upo. Ila umeme ukikatika?

Wenye gari hizi hapa Unguja, nichukue hii nichaji na kazini, au nisubiri ya kWh 40? Na waya wa nyumba ukaguliwe nini kwanza?